Bonane tunakula na nani?

Vijana wenzetu wa Nyarugusu na Nduta, na nyinyi mlioko Nakivale, Kakuma, Dzaleka na Meheba, Bonane! Na nyinyi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila hata kuweka alama ya dole, Bonane na kwenu pia. Sikukuu zimeisha, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, sasa tunaweza kukaa chini tukaandika.

Wageni watuvumilie tueleze neno. Bonane ni Mwaka Mpya. Wazee wetu walilitoa kwenye Kifaransa, na walipovuka Ziwa Tanganyika walivuka nalo. Kwa mtu wa Fizi au Uvira, Noeli ni ya kanisa na ya watoto, lakini Bonane ni ya kila mtu, hata wasiosali. Usiku wa 31 Desemba watu wanakesha, kwaya zinapokezana, na ikifika saa sita unasikia vigelegele vinatoka zoni moja vinapokelewa na nyingine. Asubuhi ni kutembeleana. Mtoto akikukuta njiani hakuamkii, anakunyooshea mkono: "Bonane yangu!" Maana bonane ni siku na ni zawadi pia. Kama huna hata pipi, unajifanya umepokea simu unapita haraka.

Sisi tuna Bonane yetu ndani ya hiyo Bonane. Tulianza tukiwa wanane, wavulana wanne na wasichana wanne, wote wa sekondari, tukala pamoja mara ya kwanza tarehe 1 Januari 2015. Wengi wetu tumezaliwa hapa hapa au tuliletwa mgongoni. Kambi ilifunguliwa 1996, na baadhi yetu familia zao zilihamishiwa hapa kutoka Lugufu ilipofungwa 2009, ndiyo maana mpaka leo wakikasirika wanasema "kwetu Lugufu" kama vile ni Paris. Wa tisa aliongezeka 2016, Murundi aliyekuja na wimbi la 2015. Tulimpata uwanjani. Alitufunga magoli matatu, tukaona bora awe upande wetu.

Majina hatuweki. Kambi hii ni kubwa ukihesabu watu, lakini kwa maneno ni ndogo sana. Tutatumia majina ya utani, na wenyewe wamesoma haya maandishi kabla yenu wakakubali, hata yule ambaye habari yenyewe haimpendezi.

Utaratibu wetu ni huu. Kuanzia Septemba tunafanya likelemba ndogo: kila mtu shilingi elfu moja kwa mwezi, na ikifika Desemba bakuli nne za maharage. Vitu vinatunzwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda cha Mama Mapacha, kwa sababu yeye peke yake anaweza kulala juu ya chakula asikiguse. Ndani ya hilo sanduku kuna sahani tisa za bati. Kila moja chini yake imekwaruzwa alama kwa msumari, nyota, samaki, herufi, kila mtu na yake. Hazitumiki siku nyingine yoyote. Siku yenyewe tunapika sombe kwa mawese ya Kigoma, na dagaa, na nyama ya mbuzi kama pesa imefika, na bugali wa muhogo. Unga tunaopewa ni wa mahindi, na sisi watu wa ziwani hatuwezi kufungua mwaka kwa mahindi. Kwa hiyo kuna wiki nzima ya kubadilishana unga kabla ya sikukuu, na huko sokoni unatukanwa kweli.

Katika wale wanane zilitoka ndoa tatu. Hatukupanga. Fundi, anayeshona nguo, alimuoa Mwalimu, anayefundisha watoto wa msingi. Kapiteni wa timu yetu alimuoa Mwimbaji wa kwaya. Na hao wa tatu ndio wakaja kuwa Baba Mapacha na Mama Mapacha. Tuliobaki wawili bila wenza tukawa mashahidi wa kila mtu, mpaka suti moja ya kuazima ikatuzoea mwili. Mmoja wa hao mashahidi tulimwita Mrefu. Yeye aliondoka 2019 kwenda Australia.

Sasa fikirini. Watu wale wale, mkeka ule ule, mara moja kwa mwaka, kwa miaka kumi na miwili. Huhitaji kumuuliza mtu habari za nyumbani kwake, unaziona. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Fundi na Mwalimu walikula kwenye sahani moja, sahani ya pili imekaa safi, tukawacheka mpaka tukachoka. Miaka miwili baadaye kila mtu ana sahani yake lakini Fundi bado anachambua miba ya samaki anamwekea mwenzake. Mwaka mwingine tukaona wanawake wote wako upande wa moto na wanaume wote upande wa redio, hakuna aliyeamuru, tukashtuka tumekuwa kama wazazi wetu. Murundi ndiye aliyesema: "Nyie mbona mmezeeka?" Tulikuwa hata miaka ishirini na mitano hatujafika.

Wakati wa uchumba mvulana wa kambini anajua kupenda. Anapanga foleni ya maji saa kumi alfajiri kwa ajili ya ndoo za nyumbani kwa binti. Anakwenda kuni mbali, fasi ambayo hata ndugu zake hawaendi, kwa sababu njia ya kuni ina hatari na binti asiende. Baada ya mwaka wa ndoa ndoo zinahama kichwa, na hatari ya njiani nayo ni kama imesahaulika. Tulimuuliza Baba Mapacha kwa nini, akasema, "Sasa si yuko nyumbani kwangu?" Mama Mapacha alikuwa anasonga bugali, hakusema kitu, ila mwiko ulibadilisha sauti.

Hao wawili ndio waliotupa hofu kubwa 2023. Huo mwaka mgao wa chakula ulipunguzwa mpaka nusu. Nyumba yenye mapacha, nusu ya mgao ni hesabu ya kutisha. Baba Mapacha alikuwa hana kazi ya motisha, mke wake ndiye aliyekuwa nayo, kwenye mradi wa lishe. Fikiria mama anayeshinda kutwa anafundisha wamama wengine kulisha watoto, akirudi anakuta unga umepungua bakuli tatu na mwenye nyumba ananuka pombe ya ndizi. Akasema basi, twende tukagawe kadi.

Kwa wasiojua, kugawa kadi ndiyo talaka yetu. Kanisa linaweza kukataa, wazee wanaweza kukaa vikao kumi, lakini siku majina yakitenganishwa kwenye kadi ya chakula, kila mtu na namba yake ya familia, kijiji kizima kinajua hiyo ndoa imekwisha. Kinyume chake pia ni kweli. Mtu anaweza kufunga ndoa yenye keki na kwaya tatu, lakini kama bado analia chakula chake kwenye kadi ya mama yake, kwenye karatasi huyo ni binti wa nyumbani.

Basi wakaenda kupanga foleni. Siku ya kwanza foleni haikufika. Siku ya pili mtandao haukuwepo. Siku ya tatu jua lilikuwa kali, mapacha wanalia, Baba Mapacha akavua shati akawatengenezea kivuli kwa kulishika juu kwa mikono miwili, muda mrefu, mpaka mikono ikatetemeka. Mama Mapacha anasema alimwangalia, akaona huyu mjinga nitampeleka wapi. Wakarudi na kadi moja. Sisi kila mwaka tunalalamika foleni za hapa, ila ile moja tunaisamehe. Na msituelewe vibaya, hatusemi mwanamke avumilie. Kuna nyumba mbili jirani ambazo tungefurahi sana kama kadi ingegawanywa mapema zaidi.

Hapa tuseme kidogo na ndugu zetu wa mashirika. Semina zenu za amani ya familia tunazipenda, soda ni soda. Mnachora mti kwenye karatasi kubwa, mizizi ya ugomvi, matawi ya ugomvi, mnatuuliza mizizi ni nini, tunajibu "pombe," "wivu," "mila," kwa sababu tunajua ndiyo majibu yanayoandikwa. Lakini tukikaa wenyewe jioni tunataja mengine. Tunataja mgao. Tunataja mwanaume aliyemaliza sekondari akakaa miaka sita bila kazi ndani ya uzio asioruhusiwa kuutoka bila kibali. Na kwa watu wa rika letu tunataja zaidi neno moja, kesi.

Kesi ya kwenda ng'ambo. Inaandikwa kwa familia, na familia ni ile iliyokuwa kwenye karatasi siku kesi ilipofunguliwa. Baba ana watoto saba, kesi imefunguliwa watoto wakiwa wadogo, miaka inapita, hakuna kinachotokea. Mtoto wa nne amekuwa mkubwa, amependa mtu. Afanye nini? Akimwandikisha mwenza wake, wazee wanasema kesi itarudi nyuma, mtatupotezea wote. Asipomwandikisha, siku ya ndege itafika na jina la mwenza halipo. Ushauri wa wazee karibu siku zote ni mmoja: oeni, fungeni ndoa kanisani, laleni pamoja, ila karatasi msiiguse. Ndoa zetu nyingi ziko hivyo. Tunavyoona sisi, hiyo ndiyo mizizi inayostahili kuchorwa kwenye ule mti.

Mwalimu aliambiwa hivyo hivyo. Alikaa kwenye kadi ya mama yake miaka minne ya ndoa. Siku ya mahojiano akaulizwa kama ana mume. Mama yake amekaa pembeni yake, anaangalia viatu. Mwalimu akasema ninaye. Kesi ikarudishwa ili Fundi aingizwe, picha mpya, alama za vidole, maelezo upya. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na kila kitu kikasimama, cha waliosema kweli na cha waliodanganya. Mama mkwe wa Fundi mpaka leo akipita kwenye cherehani yake anasema, kwa sauti ya kusikika, "Wenzetu sasa hivi wanakula theluji." Fundi anaitika, "Shikamoo mama." Ndoa yao tunaiona ni nzito siku hizi, si mbaya, nzito. Mwalimu hajawahi kusema anajuta. Fundi naye hajawahi kumshukuru kwa maneno, ila alimshonea koti refu la baridi, la kitambaa kizito kweli, hapa Kasulu, anasema siku ikija likae tayari.

Mwimbaji ndiye aliyefanya kama wazee walivyosema. Yeye na Kapiteni walifunga ndoa 2018. Mahari ilitolewa nusu, nyingine ikabaki ahadi, kama mahari nyingi za kambini. Mtoto hawakupata. Julai 2022 majina ya familia ya baba yake yakabandikwa, na Mwimbaji akapanda basi kama binti asiyeolewa. Tulimsindikiza wote. Kapiteni alisimama nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kumsindikiza mtu mwingine, kwa sababu hakutakiwa kuonekana akilia sana. Tunaandika hili taratibu kwa sababu bado linauma.

Sheria ya Marekani inampa mkimbizi miaka miwili tangu afike aombe mume au mke wake, pamoja na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, mradi ndoa iwe ilikuwepo kabla hajaingia. Tunaweka hili wazi kwa ajili ya wengi wenu mnaotuuliza. Kwa hiyo kulikuwa na mlango. Lakini kuupita, Mwimbaji angetakiwa aeleze kwa nini aliposailiwa alisema hana mume, na nyuma yake kuna baba na mama na wadogo zake ambao karatasi zao zimeshikana na za kwake. Aliogopa. Julai 2024 ikapita. Anafanya kazi ya kupanga maboksi ghalani, Louisville, zamu ya usiku. Mwanzoni walikuwa wanaongea kila siku. Halafu kila Jumapili. Huku ikiwa usiku wa manane kule ni saa kumi alasiri, mmoja anaamka mwingine anasinzia, na salio la intaneti linakatika katikati ya sentensi. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Ilipungua tu, kama moto wa pumba.

Kitu kimoja hakikupungua. Kila Desemba Mwimbaji anatuma mchango wake wa likelemba. Hatumi elfu nne, anatuma dola hamsini, na hizo ndizo mbuzi. Na usiku wa Bonane tunampigia video, simu inawekwa kwenye sahani yake, ile yenye alama ya samaki, imeegemezwa kwenye sufuria, anatuona tunakula, anaimba kidogo, analia, anakata. Kapiteni huwa anakaa upande ambao kamera haifiki.

Sasa tuje Novemba iliyopita. Kapiteni akaja nyumbani kwa Fundi jioni, akakaa, akashika kitambaa, akakiacha, akasema, "Bonane hii nitakuja na mtu." Tulijua mtu. Kila mtu hapa anajua. Ni mama anayekaanga mandazi karibu na kisima cha kijiji chao, mjane, ana mtoto mmoja wa kike wa miaka mitano. Wamekuwa pamoja zaidi ya mwaka. Ni mtu mzuri, hili ndilo lililotupa shida. Angekuwa mbaya tungekataa dakika ile ile.

Tukakaa kikao. Tulikaa usiku tatu, jamani, kama bunge. Baba Mapacha, ambaye sheria anazipenda kuliko kazi, alisema kwa mila na kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ndoa inataka mahari, na ya Mwimbaji haikuisha, kwa hiyo Kapiteni ni huru. Mwalimu akamuuliza, kama mahari yenu ingepigiwa hesabu leo, wewe uko huru pia? Akanyamaza. Fundi naye akaleta Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kwamba watu wakikaa pamoja miaka miwili wakajulikana kama mume na mke, wanahesabiwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. "Kwa hiyo mama wa mandazi bado miezi kadhaa," akasema. Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Mama Mapacha ndiye aliyeweka jambo lenyewe mezani. Akasema: "Sheria wekeni pembeni. Mbuzi ananunuliwa na nani?" Kimya. "Tunachukua pesa ya mke, tunamnunulia nyama, tunampakulia mwanamke mwingine, halafu saa sita usiku tunampigia mke video tunamwimbia. Nani ataishika hiyo simu? Mimi siishiki."

Upande mwingine ulikuwa na nguvu pia. Kapiteni ni wetu. Alimbeba Mwalimu mgongoni mpaka zahanati usiku alipokuwa na malaria, akamkopesha Fundi pesa ya cherehani, na mapacha wanamwita baba mkubwa. Miaka mitatu na nusu amekaa peke yake, anapika peke yake, anakula akiwa amesimama. Tukimwambia njoo mwenyewe, mwache mwenzako nyumbani siku ya Bonane, siku ambayo hata adui anakaribishwa, tumemwambia nini? Kwamba aendelee kumngoja mtu ambaye karatasi inasema hajawahi kuwa mke wake? Kulikuwa na pendekezo la kuahirisha, Bonane hii isifanyike. Lilikataliwa haraka kuliko yote. Tuliwahi kuila tukiwa na maharage na chumvi tu, hatuwezi kuiacha kwa sababu ya aibu.

Tuliwauliza walio mbali pia. Mrefu alijibu kwa maandishi, eti tuwe watu wazima. Ni rahisi kuwa mtu mzima ukiwa Australia. Murundi wetu alirudi kwao Ruyigi 2021 kwa kujiandikisha mwenyewe, ameoa huko, mke wake hatujamwona hata kwa picha. Akatuma sauti ndefu kama mahubiri, mbuzi wanalia nyuma yake, lakini ndani yake kulikuwa na swali moja la maana: "Mwimbaji mwenyewe mmemuuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Kila mtu alikuwa anamlinda asijue, na kumbe kumlinda huko ndiko kulikotuweka sisi raha.

Mwalimu ndiye aliyempigia. Hakutaka video, alipiga sauti tu, akiwa amekaa nyuma ya darasa baada ya watoto kuondoka. Alimwambia yote bila kupamba. Anasema upande wa pili ulikaa kimya mpaka akadhani salio limekwisha. Kisha Mwimbaji akasema anaingia kazini, atajibu. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu ikaja sauti ya dakika tatu, ametuma kwenye kundi letu lote, Kapiteni akiwemo. Ameturuhusu tuandike maneno mawili matatu tu kutoka humo. Alisema amejua tangu mwaka uliopita, kwa sababu kijiji kina watu Louisville kuliko tunavyodhani. Alisema pesa ameishatuma, na mbuzi ni mbuzi wa watu wote, msimtafutie mbuzi maana. Alimwambia Kapiteni kwa jina lake halisi, ambalo hatulitumii kamwe, kwamba hamdai kitu. Na mwisho akasema, "Mpakulieni vizuri, msimwache anakaa kama mgeni. Ila sahani yangu msimpe. Hiyo bado ni yangu."

Kapiteni aliisikiliza akiwa peke yake, hatujui mara ngapi. Kesho yake mazoezini alicheza vibaya sana, hakuna aliyemfokea.

Siku ya Bonane mvua ilinyesha asubuhi, kama kawaida ya Januari, matope mpaka magotini. Tulikaa kwa Fundi kwa sababu paa lake halivuji. Sombe ilitwangwa tangu jana yake, moto ulikataa kuwaka, Baba Mapacha akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Tena hakuambiwa na mtu. Mama Mapacha akatoa sanduku, akazipanga sahani kama kila mwaka, tisa, za wasiokuwepo zikapangwa upande wa ukuta, Australia, Ruyigi, Louisville. Tulikuwa tumeazima sahani moja ya plastiki kwa jirani kwa ajili ya mgeni na bakuli dogo la mtoto, na tulikuwa tunajiuliza nani atamwambia akaye wapi.

Wakafika. Yeye amevaa kikwembe cha kila siku, si kipya, tukaona alifanya makusudi asishindane na mtu. Alikuwa na ndoo ndogo ya mandazi ya moto iliyofunikwa, na mtoto amejificha nyuma ya mguu wake. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, wakubwa kwa wadogo, mama kwa baba. Halafu akafungua kitambaa kilichofungwa kiunoni akatoa sahani mbili, kubwa na ndogo, zake mwenyewe, akaziweka mwisho wa mkeka karibu na mlango. Tulimtazama Kapiteni. Akatikisa kichwa, hakumwambia yeye.

Mama Mapacha aliinuka, akazichukua zile sahani mlangoni, akazisogeza katikati, kati ya yake na ya Mwalimu. Ile ya plastiki ikarudi kwa jirani na mandazi mawili juu yake.

Saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumempigia Mwimbaji kama kawaida, tukiwa kanisani, kelele tupu, hakuna lililosikika. Wakati wa kula hatukumpigia. Alipiga yeye, saa nane mchana, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo ametoka zamu. Simu ilikuwa kwa Fundi. Akatuangalia wote, akaipokea, akaiegemeza kwenye sahani ya samaki. Mwimbaji akatuona. Akamwona. Akasema, "Bonane mama." Yule mwenzake akainama kidogo akajibu, "Bonane, dada yangu." Mtoto akachungulia kwenye simu akanyoosha mkono kama anavyowanyooshea watu wote njiani: "Bonane yangu!" Mwimbaji akacheka kwa sauti, kicheko chake kile cha zamani cha kwaya, kisha mtandao ukakatika, na hakupiga tena siku hiyo. Kapiteni alikuwa amekaa mahali ambapo kamera inafika.

Walipokuwa wanaondoka, mama wa mandazi alimvuta Mama Mapacha pembeni akamuuliza mchango wenu ni kiasi gani na unaanza lini. Akaambiwa elfu moja kwa mwezi, kuanzia Septemba, na bakuli nne za maharage. Mama Mapacha ameandika jina lake kwenye daftari. Ameliandika kwa penseli. Kapiteni aliona, hakuuliza.